Pumzi ya Injini: Habari za Tabo katika Mashindano ya Magari, 1977–1989

Gari la mizigo litokalo Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, huanza safari ya Mbinga kwa nguvu zake zote. Likisha kupanda katika milima ya Wamatengo, nguvu hizo hupungua, ingawa mzigo ni ule ule na mafuta ni yale yale. Sababu yake ni hewa. Mafuta hayaungui bila hewa, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Jambo hilo, ambalo dereva wa Liparamba hulijua kwa mguu wake, ndilo shina la ushindani mkubwa uliotawala mashindano ya magari duniani tangu 1977 hata 1989.

Injini ni za namna mbili. Ya kwanza huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni zake tu, nayo yaweza kuitwa injini ya pumzi yake. Ya pili ina tabo, yaani pangaboi dogo linalozungushwa na moshi utokao katika injini. Hilo nalo huzungusha pangaboi la pili linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Kwa njia hiyo injini ndogo hupata nguvu za injini kubwa. Lakini faida hiyo ina gharama yake: joto huwa kali, mafuta huliwa kwa wingi, na dereva akikanyaga, nguvu hazifiki papo hapo.

Katika mashindano ya Formula One, sheria ya 1966 iliruhusu injini ya lita 3 ya pumzi yake, au ya lita 1.5 yenye kushindiliwa hewa. Hiyo ya pili iliachwa mpaka Renault walipoleta gari lao Silverstone, Uingereza, mwaka 1977. Mwanzoni lilichekwa, kwa kuwa liliharibika mara kwa mara. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alishinda nalo Dijon, Ufaransa, na kicheko kikaisha. Michele Alboreto aliposhinda Detroit mwaka 1983 kwa gari la Tyrrell, huo ulikuwa ushindi wa mwisho wa injini ya pumzi yake hata ulipopita mwaka 1988.

Wakuu wa mashindano waliona nguvu zimepita kiasi, wakaanza kuzibana kwa sheria. Mwaka 1984 gari liliruhusiwa lita 220 za petroli kwa shindano moja. Mwaka 1988 gari lenye tabo lilipewa lita 150 tu. Hata hivyo magari ya McLaren yenye injini za Honda yalishinda mara 15 katika mashindano 16 ya mwaka huo. Mwaka 1989 tabo ilipigwa marufuku, na wote wakarudi kwenye injini za pumzi yake za lita 3.5. Basi, tabo haikushindwa uwanjani; ilikatazwa.

Habari za Afrika Mashariki ni tofauti. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na siku zile yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zake zilipanda kutoka pwani hata milima ipitayo mita 2,000, ambako hewa imepungua karibu sehemu moja katika tano. Mtu angedhani tabo ingetawala huko upesi. Haikuwa hivyo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hata 1982, kwa Datsun ya pumzi yake. Mwaka 1983 magari ya Audi yenye tabo yalishindwa na Opel ya Ari Vatanen, nayo ni ya pumzi yake. Vumbi, mawe na matope viliuliza swali jingine: ni gari gani litakalofika? Mwaka 1984 ndipo Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota yenye tabo, na Toyota wakashinda tena 1985 na 1986.

Mwaka huo wa 1986 ulileta msiba. Ureno, gari liliacha njia likaua watazamaji; na Corsica, Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto waliungua ndani ya gari lao. Kuanzia 1987 magari ya daraja lile la nguvu nyingi yaliondolewa. Lakini tabo yenyewe haikukatazwa katika mashindano ya barabarani, na mwaka 1988 Miki Biasion alishinda Safari kwa Lancia yenye tabo. Nyuma yake zilifika Nissan mbili za pumzi yake za lita 3: ya Mike Kirkland wa Kenya ikawa ya pili, na ya Per Eklund ya tatu.

Yafaa kulinganisha mambo hayo mawili ya 1988. Katika viwanja laini vya Formula One, injini ya pumzi yake ilingoja sheria iiokoe. Katika njia za Kenya ilisimama kwa uvumilivu wake, bila kuombewa na mtu. Formula One wameirudia tabo tangu 2014, na Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilishindwa na gari lenye tabo. Kwa hiyo haifai kusema kwamba injini moja ni ya kale na nyingine ni ya maendeleo. Sheria huamua ni injini gani itakayoingia mashindanoni. Njia ndiyo huamua ni ipi itakayofika.