Nani Anatoka Inje? Shule Yetu na Tumaini la Kijana



Mara mingi tunasikia wakubwa wakisema: « Vijana ya leo hawana maono. » Mbele ya kuwalaumu, tuulize shule yenyewe: kila asubuhi inamwambia kijana nini juu ya kesho yake? Historia yetu inaonyesha kwamba kijana hasomi kesho yake katika hotuba. Anaisoma katika namna shule inavyomtendea.

Wakati wa Wabelgiji, karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misioni. Za msingi zilikuwa mingi, lakini mlango wa juu ulikuwa mwembamba sana. Mtoto mwerevu aliona mbele yake kazi chache: karani, mwalimu, msaidizi wa munganga, ao padri. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo, na mambo mingi alijifunza peke yake katika vitabu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi, 1956. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Akili haikukosekana. Shule ndiyo ilikuwa imeweka dari, na watoto walizoea kuota chini yake.

Kisha uhuru, dari likapasuka. Sekondari ziliongezeka, na tangu 1967 kukawa Mtihani wa Serikali, mtihani mmoja kwa nchi nzima. Mtoto wa mulimaji na mtoto wa mukubwa, wote mbele ya karatasi moja. Hata leo, jina la kijana likisikika kwenye redio, jirani wanakuja mbio na poda kumumwangia kichwani. Ile furaha si ya karatasi tu: ni jamaa nzima inayoona mlango umefunguka.

Lakini uchumi ulianguka, na mshahara wa mwalimu ukaanguka nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma, masomo yakasimama, na dawa iliyopatikana ni wazazi kulipa primu ya walimu. Tusiseme uongo: bila wazazi wale, shule mingi zingefungwa. Lakini hewa ya darasa ilibadilika. Mwalimu na mwanafunzi wakawa mdai na mdaiwa. Sote tunajua ile asubuhi: katikati ya somo, prefe anaingia na karatasi ya majina. « Wenye hawayalipa minervale, mutoke inje! » Kijana wa miaka 15 anachukua mfuko wake mbele ya wenzake wote. Somo analopata siku ile haliko katika programu: kwamba kiti chake ni cha kukopa. Na mwenye kubaki ndani naye anajifunza, juu anajua mwezi ujao inaweza kuwa zamu yake.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Ilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019, na madarasa yakajaa. Ni jambo kubwa. Lakini tuangalie vizuri: bure inaishia pale ujana unapoanza, kwenye umri ambao mtoto anajiuliza, « Mimi nitakuwa nani? » Hapo ndipo karatasi ya majina inamungoja.

Wengi wetu, wenye diploma, leo tunashika chaki, wengine bila mshahara. Hatuwezi kulipia kila mtoto. Lakini deni ni la mzazi. Basi aitwe mzazi, kwenye biro, mlango ukiwa umefungwa. Kumwacha mtoto aketi mpaka mwisho wa somo hakuombi bajeti ya Serikali.

Na wewe unayesoma, kumbuka: siku ile jina lako lilikuwa kwenye karatasi, ni nani alisema, « Huyu abaki »?