Korea Kusini na Minyororo ya Kivinjari Kimoja

Windows Vista ilipoingia sokoni mapema mwaka 2007, huduma nyingi za benki na za serikali nchini Korea Kusini ziligoma kufanya kazi ndani yake, ingawa nchi hiyo ilisifika duniani kwa intaneti ya kasi. Vivinjari vikongwe vinapong'ang'ania, lawama huwaangukia watumiaji, eti hawataki kubadilika. Historia ya Korea yaonyesha kwamba wanaowafunga ni waliojenga huduma zenyewe. Katika miaka ya 1990 Marekani ilizuia kuuza nje programu zenye usimbaji fiche imara. Vivinjari vya ng'ambo vikabaki na ufunguo wa biti 40, ulinzi duni mno kwa fedha za watu. Wakorea wakabuni SEED, mbinu yao yenye ufunguo wa biti 128. Kwa kuwa hakuna kivinjari kilichokuja nayo, ilipachikwa kwa programu-jalizi, na ActiveX ya Microsoft, iliyofanya kazi ndani ya kivinjari chake cha Internet Explorer pekee, ndiyo iliyotawala. Hivyo kutuma fedha au kulipa kodi mtandaoni kukahitaji Internet Explorer. Mwenye Mac au Linux alibaki nje.

Wapo watakaosema hapakuwa na njia nyingine. Mwanzoni ni kweli, na waliochagua hivyo wanastahili heshima, maana walilinda wateja wao. Lakini Marekani ililegeza masharti mwaka 2000, na ulinzi wa biti 128 ukawa jambo la kawaida katika kila kivinjari. Sababu iliondoka, mfumo ukabaki, kwani sheria, benki na maduka vilikwisha kuuegemea. Hata iPhone, iliyoanza kuuzwa Korea mwishoni mwa 2009 bila uwezo wa kuendesha ActiveX, haikuung'oa mara moja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba viwango vya W3C, shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa mwaka 1994, huchelewa, na kwamba kivinjari kinachotumiwa na karibu wote ni kiwango tosha. Kuchelewa kupo. Ila kiwango cha mwenye mali mmoja hufuata matakwa yake: baada ya Internet Explorer 6 ya mwaka 2001, Microsoft ilikaa miaka mitano bila kutoa toleo jipya, na wavuti nzima ikasubiri. Kinyume chake, ukurasa wa kwanza wa wavuti, ulioandikwa katika maabara ya CERN kwa lugha iliyo wazi kwa wote, bado unafunguka kwenye simu ya leo. Korea iliondoa hadhi ya pekee ya vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha utambulisho mtandaoni, vilivyoegemea mfumo ule wa ActiveX, Desemba 2020, miaka 21 baada ya sheria iliyovipa nguvu.