Kukinga Wimbo: Hoja Dhidi ya "Upakuaji Haramu"

Kila zinapoanza kampeni za kulinda kazi za wasanii, maneno mawili hutangulia mbele kama chifu na tarishi wake: "upakuaji haramu". Vijana huambiwa wauepuke upakuaji haramu, walimu huombwa waukemee, na wahariri huuandika pasipo hata alama za mtajo. Istilahi hii ni mbovu, na ubovu wake hauishii masikioni. Inamfundisha kijana kuogopa jambo ambalo mara nyingi ni halali, kisha inaliacha bila jina jambo lenyewe analolifanya kila siku, yaani kunakili kiungo cha video ya wimbo, kukibandika kwenye tovuti ya kugeuza, na kutoka na faili la mp3 ambalo mwenye wimbo hakumpa. Jambo hilo si upakuaji, na uharamu wake hautokani na upakuaji. Kiswahili kina kitenzi chake tayari, kitenzi kifupi cha Kibantu kinachojulikana na kila anayechota maji nyumbani kwake. Ni kukinga.

Tuanze na kitenzi kinachoonewa. Pakua ni kinyume cha pakia, kwa mnyambuliko uleule unaotupa kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Anayepakia huweka shehena chomboni, anayepakua huitoa. Makuli hupakua magunia bandarini, mpishi hupakua wali jikoni, na katika matumizi yote mawili yapo mambo yasiyokosekana: mzigo umeandaliwa, umewekwa pale ili uchukuliwe, na anayeupokea anaondoka nao. Aliyeihamishia jozi hii kwenye kompyuta alistahili tuzo, maana pakia na pakua zilihama pamoja, kila moja ikaenda mahali pake, na hakuna mzungumzaji aliyehitaji semina ili kuzielewa. Sasa tazama huduma kama Mdundo, iliyoanzia Nairobi na ambayo mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Copenhagen. Biashara yake imejengwa juu ya kumwachia msikilizaji apakue nyimbo bure, huku mapato yakitoka kwenye matangazo. Huo ni upakuaji kwa maana kamili ya neno: wimbo umeandaliwa, umeruhusiwa, umechukuliwa. Kijana aliyefundishwa kwamba kupakua nyimbo ni kosa atafanya nini akifika hapo? Ama atakimbia mlango ulio wazi, ama, na hili ndilo hutokea, atayapuuza mafunzo yote kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba hayasemi kweli.

Na haramu nayo? Mzizi wake wa Kiarabu umetuachia haramu, maharimu na ihramu ya mahujaji. Ni mzizi unaozunguka vitu vilivyotengwa na kukatazwa kwa amri iliyo juu ya binadamu. Sheria ya nchi haipimi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, sawa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, inauliza swali la kawaida kabisa: je, mwenye haki ametoa ruhusa, au sheria yenyewe imeweka msamaha? Wimbo uleule, faili lileile, leo linaweza kuwa kosa na kesho likawa sawa kwa saini moja ya mtunzi. Nguruwe hawi halali kwa saini. Ndugu wa istilahi hii, "uharamia wa muziki", ni mbaya zaidi. Tangu meli zilipotekwa kwa wingi katika pwani ya Somalia kuanzia mwaka 2008, redio zetu zimetuzoesha kumwona haramia akiwa na bunduki na boti ya mwendo kasi. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejikunja kitandani na simu yake kwamba yeye ni haramia. Atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka. Waliotuletea neno hilo walitafsiri sitiari ya watu wengine, wakalipwa posho ya kikao, wakaenda nyumbani.

Kiini cha suala ni kwamba muziki wa mtandaoni siku hizi haupakuliwi sana. Unatiririshwa. Tiririka ni neno linaloiga mwendo wa maji, kama churuzika na bubujika, na tiririsha ni kusababisha mwendo huo, kwa kanuni ileile inayoigeuza zunguka kuwa zungusha. Hapa kamati za istilahi zilipatia, na nalisema bila kinyongo. Mwenye huduma hutiririsha, wimbo hutiririka, msikilizaji husikiliza unapopita. Sheria nayo inatenganisha vivyo hivyo: haki ya kuwasilisha kazi kwa umma ni moja, haki ya kurudufu nakala ni nyingine, na anayeruhusu ya kwanza hajatoa ya pili. Ndiyo maana masharti ya YouTube yanakuruhusu usikilize mpaka uchoke lakini yanakukataza kutoa faili pasipo njia waliyoiweka wao wenyewe. Hata kile kitufe cha "Pakua" ndani ya programu za muziki kinadanganya kidogo. Unaposhusha wimbo wa Spotify ili uusikilize bila intaneti, wimbo huo unabaki umefungwa ndani ya programu, simu inatakiwa iunganishwe na mtandao angalau mara moja katika siku 30, na ukiacha kulipia, wimbo hauchezi tena. Huo ni mtiririko uliowekwa akiba. Wafasiri wa vitufe wangeandika "Weka akiba" wangetupunguzia malalamiko mengi ya watu wanaodhani wameibiwa nyimbo zao.

Sasa, maji yanapotiririka na mtu akatega chombo, anafanya nini? Anakinga. Tunakinga maji bombani, tunakinga ya mvua kwa ndoo chini ya paa, mchinjaji hukinga damu, mwenye kupewa hukinga kiganja, mwenye kuomba dua hukinga mikono. Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kuweka kitu katika njia ya kingine kinachokuja, na kutoka hapo kimezaa matawi mawili. Tawi la kwanza ni kuzuia kisipite: mwavuli hukukinga mvua, chanjo hukupa kinga. Tawi la pili ni kukizuia ili kibaki kwako. Ukingo unaoyabana maji ya mto yasitapakae haukai mbali na ukoo huu, na kingama, kulala kukatisha njia, ni jamaa yake wazi. Anayetaka ushahidi kwamba matawi hayo mawili ni mti mmoja aende kwa wakulima wa milimani, ambako mabwana shamba hufundisha kuchimba makinga maji. Tuta moja linailinda ardhi isimomonyoke na papo hapo linayashika maji yanayoteremka. (Wenye haraka ya kusahihisha watanikumbusha "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Kinga hiyo ni kijinga cha moto, ukoo mwingine kabisa, na haituhusu.) Kitenzi chenye umri huo na uhai huo kimekaa mlangoni petu, huku watu wakiunda maneno ya silabi saba.

Washindani wapo, na wengine si wabaya. Kuna wanaopendelea kuchota, lakini kuchota hutaka maji yaliyotulia, ya mtungini au kisimani, mtiririko hauchotwi. Kuteka kuna kasoro hiyohiyo, tena kumeshachukuliwa na habari za watu wanaotekwa. Kunasa ndiko kunakonipa shida ya kweli, kwa kuwa kinasa sauti tunacho tangu enzi za kaseti na neno limekaa vizuri kinywani. Hata hivyo kunasa husema sauti imeshikwa, hakusemi imeshikwa kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinapita kwa ruhusa ya kupita tu. Kurekodi tumewaachia watu wa studio, na tuendelee kuwaachia. Wale wanaotaka "kuchana", kwa sababu eti Waingereza huchana, wafikirie kidogo: sitiari hiyo waliitumia kwa kunyofoa nyimbo kutoka kwenye CD, kisha wakaiburuza hadi kwenye mitiririko kwa mazoea. Hatuwajibiki kurithi uvivu wao.

Pingamizi la kwanza, na ninalosikia likirudiwa kwa sauti ya ushindi, ni kwamba kinga maana yake ulinzi, hivyo "kukinga faili" kutaeleweka kama kulilinda dhidi ya virusi. Jibu limo katika sarufi. Anayelinda humkinga mtu au kitu na kitu kingine, au dhidi yake; anayepokea hukinga kitu kutoka mahali. "Amelikinga faili na virusi" na "ameukinga wimbo kutoka YouTube" hazichanganyiki, kama vile hakuna aliyewahi kuchanganya kukinga mvua kwa mwavuli na kukinga mvua kwa pipa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: neno ni pole mno, linafanya kosa lionekane kama kazi ya nyumbani. Kwangu hilo ndilo tunda lake. Istilahi hutaja tendo, hukumu huitoa sheria. Mwanamuziki anayeukinga wimbo wake mwenyewe baada ya kupoteza faili la asili hajakosa, wala anayekinga kazi ambayo mwenyewe ameiachia wote kwa leseni huria. Ukilipa tendo jina la hukumu, utalazimika kusema "uharamia halali" siku ya kesi kama hizo, na nina wasiwasi wapo ambao tayari wamelisema. Pingamizi la tatu linatoka kwa wazee: wao walinasa nyimbo za redio kwa kaseti usiku kucha na hakuna aliyewaita wahalifu. Ni kweli. Lakini kaseti ile ilizunguka nyumba tatu ikakwaruza, nakala ya nakala ikawa mvumo mtupu. Faili lililokingwa halichakai, na tovuti moja ya kukingia inaweza kuhudumia mamilioni. Mwaka 2016 kampuni za muziki ziliishtaki huko Marekani tovuti ya YouTube-mp3, iliyokuwa ikiendeshwa kutoka Ujerumani, na mwaka uliofuata ikafungwa kwa makubaliano. Hakushtakiwa kijana aliyebandika kiungo, alishtakiwa mwenye bomba la pembeni, na Kiswahili cha sasa hakiwezi hata kuwatofautisha wawili hao. Kwa neno langu kinaweza: mkingaji ni mmoja, mkingishaji ni mwingine.

Wapo pia watakaosema vijana hawatalitumia, kwamba wao husema "kudaunlodi" na "nirushie", na kwamba tarakilishi ilishindwa na kompyuta. Tarakilishi ilishindwa kwa kuwa ilikuja kuondoa neno lililokwisha kukaa. Kukinga hakumwondoi yeyote. Na kishikwambi, yaani tableti, je? Kilichekwa kilipoanza, kisha ikaja Sensa ya mwaka 2022, makarani wakapewa kifaa mikononi pamoja na jina lake, na leo mwalimu wa shule ya msingi Tanzania anakitaja bila kutabasamu. Istilahi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jambo lililoafikiwa, ndugu wa suluhu na maslahi. Maafikiano hayo hayafanyiki ukumbini peke yake.

Kuhusu matumizi, sina mengi. Mfundishe kijana aulize kama huduma imempa wimbo apakue au imemtiririshia tu. Kama imemtiririshia, asikinge, asikilize palepale, maana huduma kama Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na faili lililokingwa halihesabiwi popote hata likichezwa mara elfu. Kama bando ndilo tatizo, na kwa wengi ndilo, zipo huduma halali za kupakua bure. Tovuti za kukingia zina hatari yake pia. Wakati mwingine ukurasa huwa na vitufe vitatu vya rangi ya kijani vyote vikisema pakua, viwili kati yake ni matangazo, na kimojawapo hushusha faili linaloishia na apk. Hiyo ni programu, wala si wimbo, na inaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, ambako ndiko namba za siri za muda za miamala huingia. Faili la wimbo kwa kawaida huishia na mp3 au m4a. Likiishia na apk, lifute bila kulifungua.

Wahariri na walimu, liandikeni neno hili katika somo na habari zenu zijazo, bila alama za mtajo na bila kuomba radhi. Mwenye neno bora zaidi alilete, likiwa ndani ya sentensi ambayo mwanafunzi anaweza kuitamka mbele ya wenzake, na nitalipokea. Asiye nalo aache kututisha na maharamia.