Kasi ya Mwisho ya Kughairi: Istilahi ya V1 katika Urubani

Kabla ndege ya abiria haijaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, marubani hukokotoa kiwango cha kasi kinachoandikwa katika vitabu vyao kwa alama V1. Kanuni za Marekani ziliwahi kukiita kasi ya uamuzi wa kuruka, na kwa hiyo tafsiri inayomjia mtu upesi ni "kasi ya uamuzi". Tafsiri hiyo hupotosha, kwani humfanya msomaji adhani kuwa rubani hufikia kasi hiyo ndipo aanze kupima kama aruke au asimame. Kwa hakika V1 ni kasi ya juu kabisa ambayo rubani anayetaka kusimama ndani ya njia iliyobaki lazima awe ameshachukua hatua ya kwanza, ama ya kukanyaga breki au ya kupunguza nguvu ya injini. Ndiyo maana rubani mwenzake akishaitaja kwa sauti, nahodha huondoa mkono kwenye vishikio vya nguvu za injini, asije akashawishika kuvirudisha nyuma.

Kasi hiyo ina upande wa pili: injini moja ikizimika muda mfupi kabla yake, ndege inayoendelea kuruka lazima ifikie kimo cha futi 35, yaani takriban mita 10.7, ndani ya umbali uliopimwa. Hesabu hiyo ni ya njia kavu. Njia ikiwa imelowa, breki hushika kwa udhaifu, hivyo V1 hushushwa ili kusimama kuanze mapema. Lakini kwa kuwa ndege yenye injini moja mbovu hulazimika kuongeza kasi kutoka chini zaidi, kanuni huruhusu kimo hicho kipungue hadi futi 15. Usalama wa kusimama, basi, hulipiwa kwa usalama wa kupaa, na hilo ni jambo ambalo abiria haambiwi.

Hatari hubadilika sura pale njia inapofunikwa na tope la theluji, yaani theluji iliyoanza kuyeyuka na kuchanganyika na maji, kwa sababu tope hilo huzuia pia magurudumu yasiongeze kasi. Mjini Munich, tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyowabeba wachezaji wa Manchester United ilifikia V1 yake ya noti 117, kama kilomita 217 kwa saa, kisha kasi ikaporomoka hadi noti 105, wakati njia iliyobaki haikutosha tena kusimama wala kupaa. Watu 23 walipoteza maisha. Wachunguzi wa Ujerumani waliilaumu barafu ya kwenye mabawa, na nahodha James Thain alibeba lawama hiyo hadi mwaka 1969, uchunguzi wa Uingereza ulipohitimisha kuwa chanzo kilikuwa tope la njiani. Kuivuka V1, kwa hiyo, hakumhakikishii rubani lolote ikiwa hali halisi ya njia haikuingizwa katika hesabu.

Kutokana na hilo, mfumo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga wa Kiraia ulioanza Novemba 2021 hutaka kila theluthi ya njia itolewe taarifa yake, pamoja na aina na kina cha kilichoifunika. Maji yasiyozidi milimita 3 huhesabiwa kuwa unyevu wa kawaida. Yakizidi hapo huitwa maji yaliyotuama, na tairi lenye kasi huweza kuelea juu yake bila kugusa lami. Mipaka hiyo huhusu viwanja vya Dar es Salaam na Mombasa wakati wa masika sawasawa na vile vya nchi za theluji.

Istilahi inayofaa zaidi, basi, ni "kasi ya mwisho ya kughairi", kwa kuwa kughairi ni kuacha jambo lililokwisha kukusudiwa, na neno "mwisho" huonyesha kwamba nafasi ya kufanya hivyo inafungwa, haifunguliwi. Watunzi wa kamusi za urubani wanaombwa kuipokea, na katika fasili yake wataje wazi kwamba thamani yake hutegemea hali ya njia siku hiyo.