Anayetazamwa na Anayetazama

Kutazamwa peke yake hakumdhalilishi mtu. Katika Bariadi, na katika Usukuma kwa jumla, mcheza ngoma huyatafuta macho ya watu. Tangu karne ya 19 vyama viwili, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, watazamaji wakiwa huru kwenda huku na huku, na kundi livutalo umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Mchezaji huchagua wimbo wake na vazi lake, kisha humwalika mtazamaji amhukumu.

Maonyesho ya watu yaliyostawi Ulaya katika zama za ukoloni yalikuwa kinyume cha hayo. Mwaka 1875 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alileta Hamburg jamaa ya Wasami kutoka kaskazini ya Ulaya pamoja na mifugo yao. Hawakuwa na mchezo wa kuonyesha. Maisha yao yenyewe, kupika na kukama, yaligeuzwa mchezo mbele ya waliolipa kiingilio.

Zamu yetu ilifika mwaka 1896. Katika Maonyesho ya Makoloni yaliyofanyika Treptow, Berlin, waliwekwa watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Wajerumani, wakiwamo Waswahili na Wamasai. Vijiji vya bandia vilijengwa, na mtaalamu Felix von Luschan akaja kuwapima miili. Lakini baadhi yao walikataa kupigwa picha kwa namna walivyotakiwa. Na Kwelle Ndumbe wa Kameruni alinunua darubini ndogo ya ukumbi wa michezo, akawatazama waliokuja kumtazama.

Baadaye ua uliondoka, sharti likabaki. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifika Ujerumani mwaka 1929. Alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, lakini sinema zilimtaka awe mtumishi tu. Katika sinema ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, aliigiza mtumishi wa mtu yule yule aliyeiteka nchi yake. Mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya mapenzi yake na mwanamke Mjerumani. Akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Mtunzi wa tamthilia atakaye kuyaeleza mambo haya na ajihadhari. Akiwapanga tena wahusika uani ili tuwahurumie, atakuwa amelijenga ua upya na kutukatia tiketi. Ndumbe na apewe darubini yake, na Husen apewe darasa lake kabla ya kaburi lake. Wacheza ngoma wa Bariadi wanaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: heshima ya mchezo imo katika uhuru wa mchezaji, naye mtazamaji hana budi kujua kwamba yeye pia anaonekana.