Sigma (protini ya bakteria)

Sigma ni protini inayojiunga kwa muda na RNA polimerasi ya bakteria, kimeng'enya kinachonukuu jeni kutoka DNA kwenda RNA, na kukionyesha pa kuanzia. Polimerasi isiyo na sigma huweza kuunda RNA, ila hujishikiza kwenye DNA ovyo. Richard Burgess, Andrew Travers na wenzao waliitangaza mwaka 1969, baada ya kuona kwamba polimerasi ya Escherichia coli iliyosafishwa mno ilipoteza uwezo wa kunukuu DNA ya virusi fulani, na uwezo huo ukarudi iliporudishiwa protini iliyokuwa imetengana nayo.

Mahali panapotafutwa huitwa promota. Kwa E. coli, promota ina alama mbili: TTGACA, yapata besi 35 kabla ya mwanzo wa jeni, na TATAAT, yapata besi 10 kabla yake, iliyoelezwa na David Pribnow mwaka 1975. Ni promota chache zenye alama hizo kamili, na kadiri zinavyopungukiwa ndivyo jeni nyingi hunukuliwa kwa nadra zaidi.

Alama ya TATAAT hutambuliwa kwa namna ya ajabu kweli. Sigma haiisomi DNA ikiwa imefungwa. Nyuzi mbili zinapoanza kuachana, A ya pili na T ya mwisho hupinduka nje ya uzi na kuingia katika vishimo vya sigma vinavyozitosha. Kuitambua alama na kuifungua DNA ni tendo moja.

Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, ana sigma 13; iitwayo SigA hushughulikia jeni za kila siku. Promota zake nyingi hazina alama bayana ya besi 35, na protini mbili, CarD na RbpA, husaidia kuishikilia DNA iliyofunguka isijifunge tena.

Hapa ndipo elimu hii inapomgusa mgonjwa wa Kitaya, kwenye bonde la Ruvuma mkoani Mtwara. Kidonge anachomeza kina rifampisini, dawa inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilopaswa kumtisha. Rifampisini haizuii sigma kutambua promota. Huiacha polimerasi ikae mahali pake na kufungua DNA, kisha huziba njia ya RNA ikiwa na nyukleotidi mbili au tatu tu. Polimerasi za binadamu hazidhuriwi na kipimo hicho cha dawa.

Usugu dhidi ya rifampisini hutokea hasa jeni ya rpoB, inayounda sehemu ya polimerasi, inapobadilika katika kipande cha besi 81. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 na kinachotumika Tanzania, huchunguza kipande hichohicho kwenye makohozi na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. Wenye kifua kikuu sugu walianza kutibiwa katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009.

Dawa inayopiga hatua ya kutambua yenyewe ipo: fidaksomisini hukwamisha taya za polimerasi zikiwa wazi, DNA isifunguke. Maabara zimeonyesha kwamba inaidhuru polimerasi ya kifua kikuu, ila ikimezwa hubaki tumboni, haifiki mapafuni.