Saraka Moja ya Anwani za Hifadhidata Visiwani Lamu

Kompyuta inayotafuta kumbukumbu katika hifadhidata iliyo mbali haina budi kujua jina la seva, nambari ya poti na jina la hifadhidata yenyewe. Kwa kawaida maelezo hayo huandikwa katika faili ndogo ndani ya kila kompyuta; kwa watumiaji wa Oracle, faili hiyo huitwa tnsnames.ora.

Udhia wake hudhihirika seva inapohamishwa. Tuseme afisi ina seva Lamu mjini na matawi Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate. Fundi atalazimika kupanda mashua, apite mkondo wa Mkanda, kisha asahihishe kompyuta moja baada ya nyingine. Akiisahau moja, karani wake atakwama au, vibaya zaidi, ataendelea kujaza hifadhidata ya zamani pasipo kujua.

Saraka huondoa safari hiyo. Ni seva inayotunza anwani zote mahali pamoja, nazo kompyuta huiuliza kwa itifaki ya LDAP, iliyotangazwa mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kikiwa miongoni mwa waasisi wake. Anwani hurekebishwa mara moja tu. Kompyuta hubakiwa na jambo moja la kukumbuka: saraka iko wapi.

Hata hivyo, saraka ikizimika, hifadhidata iliyo nzima nayo huenda isifikike. Ndiyo maana nakala yake huwekwa katika mashine ya pili, na ruhusa ya kuihariri hupewa wachache.